Kwa Salma, Uliyenyonya Kabla ya Kaka Yako

Mwanangu Salma,

Anuani yako sina. Ningekuwa nayo nisingekuandikia gazetini, mahali ambapo kila mtu atasoma mambo yetu. Redioni nimeshatuma kadi za salamu mpaka nimechoka. Wakasoma moja, na hiyo moja wakakosea jina la kijiji. Basi nimeona niandike wazi, wasome wote wanaotaka kusoma, mradi katika hao awepo mmoja anayekujua. Mwandiko ni wangu mwenyewe. Niliishia darasa la nne, lakini mwalimu wetu alikuwa akiwaonyesha wenzangu daftari langu, kwa hiyo usidhani kuna mtu ananishikia kalamu.

Habari yenyewe ni hii: nimesikia unaolewa.

Nilisikia Tunduma, kwa mtu nisiyemjua. Nilikuwa nimepeleka maharage sokoni, yakaisha mapema kama kawaida ya maharage yangu, nikakaa kupumzika karibu na malori yanayosubiri kuvuka kwenda Zambia. Dereva mmoja alikuwa anaongea na utingo wake kwa lafudhi ya Tanga. Mimi nikisikia lafudhi ile, miguu inasimama yenyewe. Nikamwamkia, nikamuuliza kama anamjua dereva mmoja wa zamani, Rajabu, mwenye pengo la mbele.

Akacheka. "Mzee Rajabu? Yule jirani yetu kabisa, mama. Baada ya Idi anamwoza binti yake."

"Salma?"

"Huyo huyo. Yule aliyezaliwa njiani, huku huku kwenu."

Nilitaka kupiga vigelegele pale pale. Nikajifanya mtu anayeuliza ili kupitisha muda tu. "Na mama yake yupo?"

"Hapana. Mama yake alikufa zamani, alipomzaa."

Akapanda lori lake, wakaondoka.

Salma, mimi si mtu wa kunyamaza. Uliza Igamba nzima watakuambia, Mama Elia akianza kusema ugali unapoa. Lakini siku ile nilibeba debe langu tupu mpaka nyumbani sijatamka neno. Kwa maana alichosema yule kijana ni kweli. Mama yako alikufa, nami nilikuwepo. Ila hayo si yote, na yaliyobaki sijui kama kuna aliyekuambia.

Baba yako alikuwa anapeleka mapipa ya mafuta Zambia. Wakati ule barabara yetu ilikuwa vumbi wakati wa jua na uji wakati wa mvua, na malori yanapita kama siafu. Mama yako Zaituni alikuwa naye garini, walikuwa wamepanga chumba Tunduma wakae karibu. Uchungu ukamkamata karibu na Vwawa, miezi haijatimia. Watu wakamwelekeza baba yako hospitali ya misheni. Mimi nilikuwa pale wodini nimejifungua Elia, mtoto wangu wa kwanza, na kitanda kilichokuwa kitupu ni cha pembeni yangu. Hivyo ndivyo tulivyojuana.

Ulikuwa njiti. Sikudanganyi, ungelala kwenye kikapu cha mayai na nafasi ingebaki. Miguu yako ilikuwa myembamba kama vidole vyangu, na vidole vyangu enzi hizo vilikuwa vizuri, si hivi vinavyoshika kalamu hii. Hukulia. Ulikuwa unafungua mdomo tu kama ndege.

Mama yako alikuwa na homa ya uzazi, hawezi hata kukaa. Maziwa hayakuja. Mimi kwa upande wangu yalikuwa yananimwagikia, shuka inalowa, blauzi inalowa, Elia anapaliwa anageuza uso. Nesi Eliza, muuguzi wetu wa wodi ya wazazi, mwanamke mfupi mwenye sauti ya kuita ng'ombe, akasimama katikati ya vitanda vyetu viwili.

"Zaituni," akasema, "wewe huna na huyu anamwaga. Nimpe ruhusa?"

Mama yako akageuza kichwa akaniangalia kifuani. Akasema taratibu, "Huyo dada ana ya kijiji kizima." Tukacheka wote watatu, yeye kwa shida.

Mwanzoni ulikuwa huna nguvu ya kuvuta. Nilikamua kwenye kikombe kilichochemshwa, Nesi Eliza akakudondoshea mdomoni kwa kijiko kidogo, tone kwa tone, akiangalia koo lako kama mtu anayetia uzi kwenye sindano. Mikono tulinawa kwa sabuni mpaka ikachubuka. Mama mkwe wangu alipokuja na dawa yake ya majani ya kupaka kitovu chako, Nesi Eliza alimwambia, "Bibi, hiyo ipeleke kwa mbuzi. Kitovu hiki kinataka kukauka tu." Na kwa sababu baridi ya Mbozi miezi ile unaijua... hapana, huijui, umesahau. Ni baridi inayoingia kwenye mifupa. Nesi akakuvua nguo zote, akakuvisha kofia ya sufu, akakuweka ndani ya gauni langu, ngozi kwa ngozi, akatufunga pamoja kwa kitenge. "Tanuri lako ndilo hili," akakuambia. Ukakaa pale. Nilikula nawe, nilisali nawe, nilitembea nawe wodini nikiwa na tumbo la pili kifuani.

Ulipopata nguvu ya kuvuta, Nesi Eliza alitoa amri moja ambayo sijaisahau. "Mdogo kwanza. Huyu wako ana nguvu ya kulia. Huyu hana." Basi wewe ulinyonya kwanza kila mara, na Elia akangoja zamu. Alikuwa analia mpaka wodi nzima inaziba masikio, nami namwambia, tulia bwana, mgeni anakula. Mpaka leo Elia hana haraka na chakula. Watu wanasema ni tabia nzuri. Mimi najua aliipata wapi.

Siku uliyovuta mwenyewe kwa mara ya kwanza, mama yako alikuwa anatuangalia. Akasema, "Loo! Anavuta kama baba yake anavyokunywa chai." Nikamsogezea mkono wake akakushika kisogoni wakati unanyonya. Tulikuwa tunafanya hivyo kila mara, mkono wake kisogoni kwako, ziwa langu mdomoni kwako. Kwa hiyo mtu akikuambia mama yako hakukulea, mkatalie. Alikulea siku zote alizokuwa nazo.

Watu hupenda kusimulia maneno makubwa ya mtu anayeondoka. Mama yako hakuniachia maneno makubwa. Asubuhi ile nilikuwa nimemaliza kukunyonyesha, nimekuweka begani. Akaniuliza, "Amebeua?" Nikamwambia, "Amebeua." Akafumba macho. Nilidhani amelala.

Baba yako alikuja na kopo la maziwa ya unga na chupa, alivyovinunua Tunduma. Alisimama barazani amevishika kama mtu aliyeshika vyombo vya mwenzake. Nesi Eliza akamnyang'anya ile chupa. "Hii utaichemsha wapi, baba? Kwenye injini? Ukimpa maji ya mtoni humu, mtoto ataharisha na hutafika naye Mbeya." Kisha akaninyooshea kidole. "Maziwa yake haya hapa. Yamechemshwa na Mungu."

Baba yako hakuweza kunitazama. Aliangalia viatu vyake. "Dada," akasema, "nina neno, naona haya."

"Sema, kaka."

"Huko nyumbani kwenu mnakula... yule mnyama?"

"Yupi?"

"Yule."

Nesi Eliza alijiziba mdomo kwa kanga. Mimi nilikuwa bado sijaelewa, mpaka baba yako akavuta pua juu kidogo kwa kidole. Ndipo nikaelewa. Nyumbani mume wangu, Baba Elia, alikuwa amefuga nguruwe wa Krismasi, mnene hana mfano, watu walikuwa wanakuja kumtazama. Nikamwambia baba yako, "Nitaacha. Mpaka atakapoacha kunyonya, nyama hiyo haitagusa mdomo wangu." Akalia, mtu mzima yule, pale pale barazani.

Nami nikisema nimesema. Krismasi ile nyumba nzima inanukia, mafuta yanalia kwenye sufuria, mimi nimekaa na bakuli la maharage, wewe huku, Elia kule. Baba Elia akawaambia wageni, "Nilioa Mkristo, nimeamka na Mwislamu, na mahari sijaongeza!" Mama mkwe akaninong'oneza, "Onja kidogo, mtoto atajuaje?" Nikamjibu, "Mama, mtoto hatajua. Mimi nitajua."

Ulikaa nasi Igamba mpaka ukatembea. Balozi wetu wa nyumba kumi alipopita kuangalia watu wake, akakuta watoto wawili mkekani, akasema, "Mama Elia, humu nilikuwa najua mna mtoto mmoja. Huyu katoka wapi?" Nikamwambia, "Kwenye lori." Alicheka mpaka akakaa chini. Siku za shamba la kijiji nilikwenda na ninyi wote wawili, mmoja mgongoni, mmoja mbele. Mapumziko yakifika nakaa chini ya mibuni nawanyonyesha, wewe kwanza, na wanawake wananitania: "Jamani hata maziwa yamekuwa ya ujamaa! Mama Elia ndiye ng'ombe wa kijiji!" Nikawajibu, "Ndiyo, na ninyi mngekuwa ng'ombe mngeshachinjwa." Hakuna aliyenishinda kwa maneno, na hakuna aliyenishinda kwa maziwa. Baada yenu nimezaa wengine watano, wote nimewanyonyesha mpaka wakakimbia wenyewe, lakini ninyi wawili ndio mlionifungulia njia.

Baba yako kila akipita alishuka kutoka barabara kuu, anapiga honi kule mbali kwenye kilima kabla lori halijaonekana. Alileta sabuni, sukari, mafuta ya taa. Wewe ukisikia honi ulikuwa unapiga makofi.

Kisha siku moja honi ikapigwa, na kwenye lori alikuwemo bibi yako, mama yake baba yako, amekuja kukuchukua. Mwanamke mrefu, amejifunga buibui, vumbi la safari yote liko juu yake na bado ana heshima yake. Mimi nilimwogopa. Nilijua atauliza kuhusu yule mnyama, nami nikajiandaa kwa majibu, hata nikamwita Baba Elia aje kuwa shahidi wangu. Hakuuliza. Alikaa mkekani, akakupakata, akakunusa kichwa, kisha akaniuliza swali moja.

"Alikuwa anashiba?"

"Anashiba, bibi? Huyu alikuwa anashiba mpaka anabeua kama mzee aliyetoka karamuni."

Akamvuta na Elia akampakata upande wa pili. Halafu akasema mambo ambayo mimi, na ukristo wangu, nilikuwa sijawahi kuyasikia. Akasema kwa dini yenu mtoto aliyenyonya kwa mwanamke hivyo amekuwa mtoto wake. Si kwa kutaniana, ni kweli kweli. Akasema Elia ni kaka yako, hamtaoana hata mkikutana wakubwa hamjuani, na hutajifunika kichwa mbele yake. Akasema mume wangu ni baba yako pia. Baba Elia akakohoa, akavuta kofia, akaonekana mrefu ghafla. Nami akaniambia, "Wewe usijiite mlezi. Wewe ni mama yake. Siku atakayoolewa, utakaa pale pa mama yake."

Akafungua furushi lake akanitolea doti ya kanga, nyekundu na nyeupe, bado ina harufu ya dukani. "Hii usiivae," akasema. "Ivae siku hiyo." Maneno yaliyoandikwa kwenye kanga hiyo siyataji hapa. Nitakusomea mwenyewe.

Wakakupandisha. Ulikuwa unacheka, ulidhani mnazunguka tu. Baba yako akapiga honi pale kilimani, kama ilivyo desturi yake, na maziwa yangu yakatoka yenyewe, yakalowesha gauni mbele ya watu. Nilisimama barabarani nimejikumbatia. Na hapo nikushirikishe aibu ambayo wanawake wenzangu wataielewa: kwa muda mrefu baadaye, lori lolote likipiga honi, la nani, la wapi, mimi nalowa. Elia alinyonya yake na yako. Hayakupungua haraka. Mwili ulikuwa unakusubiri.

Baba yako alipita tena mara kadhaa, akinieleza unavyokua, kwamba umeanza kusoma Kurani, kwamba unabisha sana. Nikamwambia huo ubishi umeunyonya. Halafu reli ikaja, mizigo ikahamia kwenye treni, malori yakapungua, na baba yako akapungua nayo. Sikumlaumu. Mtu hawezi kufuata barabara isiyo na mzigo. Niliambiwa baadaye bibi yako amefariki. Nilimwombea kwa namna yetu, natumaini ilifika.

Sasa nikueleze nilivyo. Baba Elia alitangulia, kifua kilimsumbua. Wadogo zako wametawanyika kwa ndugu na kwenye shule, wengine wako Itumba, wengine Mbeya. Elia yuko Zambia, migodini, anaandika akikumbuka. Nyumba ni ile ile, mibuni ni ile ile, ila nikipika ugali wangu sufuria inanicheka. Jioni nakaa nje nikisikiliza barabara, na barabara iko mbali, lazima upepo utoke upande huo. Ninajisifu kama zamani, Salma, lakini siku hizi najisifia kuku.

Juu yako nimejisifu sana, nikuambie ukweli. Kila mgeni anayeingia Igamba lazima asikie kwamba nina binti Tanga. Jirani yangu Mama Sara ameshachoka. Majuzi alisema mbele za watu kisimani, "Mama Elia, huyo mwanao wa Tanga ni wa kweli, au ni wa redio?" Wakacheka. Nami nilicheka, nikajitwika ndoo nikaondoka. Kisha ndipo nikakutana na yule dereva. Unaona sasa kwa nini nilinyamaza. Niliogopa nikisema, "Mama yake ni mimi," atanitazama kama Mama Sara.

Na jambo la yule mnyama. Niliahidi mpaka utakapoacha kunyonya. Uliacha. Ulikwenda zako. Krismasi ya kwanza baada ya hapo Baba Elia aliniwekea kipande kizuri, chenye ngozi inayolia mdomoni, akasema, "Haya mke wangu, umerudi kwenye dini yako." Nikakishika. Nikawaza, na kama wanakuja leo? Kama honi inapigwa sasa hivi, naye anakimbia kunikumbatia? Nikakirudisha. Krismasi iliyofuata hivyo hivyo. Mpaka leo, mwanangu. Watu wanakaanga, wanalamba vidole, mimi na maharage yangu. Mchungaji mwenyewe ameshaniuliza. Nikamwambia, siyo dini, baba, nina mtoto yuko njiani.

Wiki hii nimetoa kanga sandukuni, nimeianika mchana kweupe kwenye kamba ya mbele, sio ya nyuma. Wakati huu ambapo sabuni yenyewe tunagawana kipande, doti mpya ya kanga si kitu cha kupita bila kutazama. Mama Sara alisimama, akaishika upindo. "Hii ya nini?" Nikamwambia, "Naianika." "Unakwenda wapi?" Nikamwambia, "Sijui bado."

Na kweli sijui. Ukiniita nitakuja, nitapanda hata juu ya magunia. Usipoweza kuniita, labda kwa sababu barua hii imechelewa, au hukuwahi kuambiwa na mambo yenu yamekwisha kupangwa, sitakasirika. Nakuombea mume mpole na uzazi mwepesi. Ukijifungua, usikubali kitovu kipakwe kitu chochote, na ukipata wawili, mdogo kwanza. Nakuombea maziwa mengi. Hayo nina hakika nayo, umeyachukua kwangu.

Lakini neno moja nakuomba. Siku hiyo watu wakiuliza mama wa bibi harusi yuko wapi, usiwaambie alikufa ukaishia hapo. Waambie mmoja alikufa. Mwingine yupo Igamba, ana kanga ambayo haijavaliwa, na nguruwe hali.

Ni mimi,
Mama yako wa ziwa,
anayeitwa Mama Elia kwa sababu watu hawakujua ni nani alinyonya kwanza.